Majina ya Watoto wa Kiume na Maana Zake: Mifano ya Nachingwea na Ruangwa



1. Utangulizi

Mwaka 1890, katika kisiwa cha Unguja, Kanisa la Anglikana lilimpa daraja ya upadri Mwafrika wa kwanza wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa kifupi kama UMCA. Alikuwa mtu wa asili ya Kiyao, aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kukombolewa. Baada ya upadrisho alitumika huko Chitangali, kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania. Aliitwa Cecil Majaliwa. Miaka 125 baadaye, mwaka 2015, Bunge la Jamhuri ya Muungano lilimthibitisha mbunge wa Ruangwa kuwa Waziri Mkuu, wadhifa alioushika hadi mwaka 2025. Yeye aliitwa Kassim Majaliwa Majaliwa.

Watu hawa wawili hawana undugu unaodaiwa hapa. Mmoja alikuwa padri Mkristo, mwingine ni Mwislamu. Mmoja aliishi zama za watumwa na misafara, mwingine zama za Jamhuri. Hata hivyo wote wawili walibeba neno lile lile la Kiswahili, na neno hilo lilikuwa na maana ile ile: kile ambacho Mungu amemkadiria mja wake. Jina la kwanza la kila mmoja linaitaja dini yake. La pili linawaunganisha.

Mhadhara huu unahusu majina ya aina hiyo. Unakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba majina ya watoto wa kiume wa Nachingwea na Ruangwa yamepangika katika matabaka yanayoweza kusomwa kama historia ya sehemu hiyo. Pili, kwamba majina hayo yana sarufi yake, na sarufi hiyo inafunua ni nani hasa anayesema ndani ya jina. Tatu, kwamba mfumo wa kale ulimruhusu mtoto wa kiume kuliacha jina moja na kuingia katika jingine, ilhali mfumo wa daftari na vyeti umemfunga katika jina la kwanza. Hilo la tatu ndilo lenye uzito zaidi, kwa kuwa linagusa maisha ya watu walio hai.

2. Mahali, watu na lugha

Nachingwea na Ruangwa ni wilaya jirani katika Mkoa wa Lindi. Wenyeji wake wengi ni Wamwera, wakiishi pamoja na Wamakua, Wayao na Wamakonde. Katika uainishaji wa lugha za Kibantu uliofanywa na Malcolm Guthrie, Kiyao kimepewa alama P21, Kimwera P22, Kimakonde P23, na Kimakua P31. Ukaribu wa lugha hizi unaonekana hata katika neno lenyewe la mada hii. Waswahili husema jina, Wayao liina, Wamakonde lina, na Wamakua nsina. Ni shina moja la kale lililovaa nguo mbalimbali.

Lugha hizi hazikukosa watafiti. Edward Steere alichapisha mkusanyo wake wa Kiyao mwaka 1871 na ule wa Kimakonde mwaka 1876. Chauncy Maples akafuata na mkusanyo wa Kimakua mwaka 1879. Lyndon Harries, ambaye wengi humfahamu zaidi kwa kazi yake ya mwaka 1962 juu ya ushairi wa Kiswahili, ndiye aliyeandika sarufi ya Kimwera iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1950. Isitoshe, Yohanna Abdallah, padri wa Kiyao, aliandika historia ya watu wake kwa lugha yao wenyewe, nayo ikachapishwa mwaka 1919. Jina lake nalo lastahili kuangaliwa: Yohanna ni la ubatizo, na Abdallah ni la Kiarabu, maana yake mja wa Mungu. Mwandishi wa historia ya Wayao alikuwa yeye mwenyewe ukurasa mmoja wa historia hiyo.

Jamii zote nne zilihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto alikuwa wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye aliyekuwa na kauli kubwa juu yake. Jambo hili lisisahauliwe, kwani litarudi mhadhara utakapofika kwenye daftari la vizazi.

3. Matabaka ya majina

Mtu akiichukua orodha ya wanafunzi wa kiume katika shule yoyote ya msingi ya wilaya hizi, ataona matabaka manne yaliyolaliana.

Tabaka la kwanza ni la majina ya lugha za wenyeji. Siku hizi majina haya hayaonekani sana mwanzoni mwa jina la mtoto. Hukaa mwishoni, mahali pa babu. Mengi yanatambulika kwa sauti zake. Katika lugha hizi kiambishi cha mtu mara nyingi hupoteza irabu yake na kubaki ung'ong'o unaosimama kama silabi kamili, nao hufanana na konsonanti inayoufuata. Ndiyo sababu majina ya Lindi na Mtwara huandikwa kwa Nn na Mm mwanzoni, kama lilivyo jina Nnauye, linalojulikana sana katika siasa za nchi. Msomaji wa mbali hudhani kuwa mwandishi amerudia herufi kwa makosa. Mwenyeji anazisikia silabi mbili.

Tabaka la pili ni la majina yaliyokuja na Uislamu kupitia pwani ya Lindi na Kilwa na njia za misafara. Maana zake zinafahamika: Saidi ni mwenye heri, Rashidi ni aliyeongoka, Hassani ni mwema, Salumu ni aliyesalimika, Mbaraka ni aliyebarikiwa, Faraji ni kitulizo baada ya dhiki, Kassim ni mgawaji. Lakini yamepita katika kinywa cha Kibantu na kupata umbo jipya. Abu Bakr amekuwa Bakari, Sulayman amekuwa Selemani, Uthman amekuwa Athumani. Konsonanti ya mwisho imepewa irabu ya kuegemea, hivyo Unguja wakisema Rashid na Khamis, Nachingwea husema Rashidi na Hamisi. Umbo hilo la bara si uharibifu wa jina. Ni jina lililofuata kanuni ya silabi wazi, kanuni ile ile iliyotupa kitabu na baruti.

Ndani ya tabaka hili kuna majina ya wakati: Rajabu, Shabani na Ramadhani kwa miezi, Juma, Hamisi na Jumanne kwa siku. Jumanne na Hamisi yanapendeza yakiwekwa pamoja. Jumanne ni siku ya nne kwa hesabu ya Kiswahili inayoanzia Jumamosi. Hamisi ni ya tano kwa hesabu ya Kiarabu inayoanzia Jumapili. Anayesikia nne na tano atadhani kwamba watoto hawa wamezaliwa siku mbili zinazofuatana, kumbe katikati yao ipo Jumatano, ambayo nayo ni ya tano. Juma la Waswahili lina siku mbili za tano, na ndugu wawili wa nyumba moja wanaweza kuzibeba hesabu hizo mbili bila kugombana.

Tabaka la tatu ni la majina ya ubatizo. UMCA ilianzisha makazi ya watumwa waliokombolewa huko Masasi mwaka 1876. Wabenediktini walifika Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Misheni zao hizo ziliteketezwa katika Vita vya Maji Maji mwaka 1905, kisha Ndanda ikaanzishwa mwaka 1906. Kutoka katika vituo hivyo yalienea majina kama Petro, Yohana, Barnaba, Benedikto na Vincent. Hapa pia matumizi ya wenyeji yalikuwa na busara yake. Jina la ubatizo lilitangulia, jina la zamani likafuata, na hakuna lililofutwa. Cecil hakumfukuza Majaliwa.

Tabaka la nne ni la majina ya Kiswahili chenyewe: Majaliwa, Bahati, Zawadi, Shukuru, Mfaume, Mashaka, Masumbuko, Matatizo, Shida, Tabu, Sijaona. Baadhi, kama Zawadi, Shida na Tabu, hupewa wa kiume na wa kike pia, kwa kuwa Kiswahili hakina jinsia katika nomino zake. Tabaka hili ndilo lililo wazi kuliko yote kwa msikilizaji, na kwa sababu hiyo hiyo ndilo linaloleta utata mwingi kuliko yote. Jina la Kiarabu humficha mbebaji wake nyuma ya lugha ya mbali, kwani ni wachache wanaojiuliza maana ya Athumani. Jina Shida halifichi kitu.

Katika tabaka hili la nne kuna pia hazina ya sauti za kale. Kiswahili sanifu kinasema mfalme. Umbo mfaume limebaki katika ushairi wa zamani na katika majina ya watu. Mwanafunzi anayefundishwa chuoni kwamba mfaume ni neno la washairi huenda ana baba mdogo anayeitwa hivyo hivyo nyumbani, anayelima korosho na ufuta, wala hajawahi kusoma utenzi.

4. Sarufi ya majina

Majina ya Kiswahili yameundwa kwa njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni ya nomino. Masumbuko linatokana na kitenzi sumbuka, likipewa kiambishi ma- mwanzoni na -o mwishoni. Mashaka ni wingi wa shaka, neno lenye asili ya Kiarabu. Majaliwa linatokana na kitenzi jalia, nacho kina asili ya Kiarabu, kikatiwa katika kauli ya kutendwa na kupewa ma-. Kauli hiyo ya kutendwa ina maana yake. Hakutajwa mtendaji, kwa kuwa kila msikilizaji anamjua. Jina zima ni dua ambayo Mungu amo ndani yake bila kutamkwa.

Nomino hizi zikishakuwa majina ya watu hubadili upatanisho wake. Husemwa mashaka yamekwisha, lakini Mashaka amefika. Husemwa majaliwa yake, lakini Majaliwa wake, kwa mama anayemtaja mwanawe. Wingi wake nao si wa kawaida: husemwa akina Mashaka. Kwa hiyo sarufi yenyewe inatenganisha neno na mtu. Neno likiwa ngeli ya ma-, mtu ni wa ngeli ya watu. Yule mwalimu anayecheka darasani kwa kusema "Mashaka yamefika" amevunja kanuni ya lugha kabla hajavunja moyo wa mtoto.

Njia ya pili ni ya sentensi. Sijaona ni sentensi kamili: si- ya ukanushi wa nafsi ya kwanza, -ja- ya tendo lisilotimia bado, na shina ona. Hapa ndipo swali la msingi linapoibuka. Nafsi ya kwanza iliyomo ndani ya Sijaona ni nafsi ya nani? Si ya mtoto, kwa kuwa aliyepewa jina hilo alikuwa hajui kusema. Ni nafsi ya mzazi. Ni mama au baba, bibi au mjomba, aliyesema kwamba jambo kama lile lililomfika hajapata kuliona. Mtoto amekuwa chombo cha usemi wa mtu mwingine. Kila anapojitambulisha, huirudia kauli ya mzazi wake kwa kinywa chake yeye. Mzazi akifa, usemi wake hubaki ukitembea njiani.

5. Majina ya huzuni

Majina kama Mashaka, Masumbuko, Shida na Tabu huwashangaza wageni, na mara nyingine huwakasirisha walimu. Huulizwa ni mzazi gani anayempenda mwanawe na kumwita Matatizo. Majibu yake ni matatu, na yote yanapatikana katika jamii nyingi za Afrika ya Mashariki.

Jibu la kwanza ni kumbukumbu. Mtoto amezaliwa katika njaa, katika msiba, au baada ya mimba ya taabu. Jina ni tarehe. Zamani, kabla ya vyeti, mtu aliujua umri wake kwa tukio, na jina likawa ndilo tukio lenyewe. Nachingwea imeona matukio makubwa. Mpango wa karanga wa Waingereza uliingia mwishoni mwa miaka ya 1940 na kuvunjwa mwaka 1951. Reli iliyojengwa kwa ajili yake kutoka Mtwara iling'olewa katika miaka ya 1960. Wapigania uhuru wa FRELIMO waliweka kambi yao ya mafunzo Nachingwea kuanzia katikati ya miaka ya 1960 hadi Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975. Mahali pengine Afrika ya Mashariki desturi hii ya jina kuwa tarehe imefika mpaka ikulu: Uhuru Kenyatta, rais wa nne wa Kenya, alizaliwa Oktoba 1961, wakati uhuru ulipokuwa mlangoni.

Jibu la pili ni ujumbe. Jina husema na jirani, mke mwenza au mkwe, neno ambalo haliwezi kusemwa mbele ya baraza. Mama anayemwita mwanawe Masumbuko amewasilisha mashtaka yake kwa njia ambayo hakuna awezaye kumhukumu, kwa sababu alichofanya ni kumwita mtoto wake tu. Kila jioni anapomwita aje kula, anayekusudiwa anasikia.

Jibu la tatu ni kinga. Mama aliyezika watoto wawili au watatu humpa wa nne jina lisilopendeza ili kifo kisimtamani. Mzazi huyu hakumdharau mwanawe. Alimpenda kiasi cha kuogopa kumsifu. Jina baya lilikuwa pazia. Hivyo basi ndani ya Shida na Tabu mara nyingi mna upendo uliojificha, na anayelisoma jina kwa kamusi peke yake ataupata upande mmoja tu wa maana.

6. Jando na jina la pili

Ikiwa jina la huzuni lilikuwa mzigo, je, mtoto aliubeba maisha yake yote? Katika mfumo wa kale, hapana. Wamwera, Wayao, Wamakua na Wamakonde wote walikuwa na jando. Mvulana alipotoka kambini alikuwa mtu mpya, na alama ya upya huo ilikuwa jina. Jina la utotoni liliachwa pamoja na utoto. Kumwita mtu mzima kwa jina lake la kabla ya jando lilikuwa tusi, kwa maana ya kumwambia kwamba hajakua.

Jina jipya halikuokotwa. Mara nyingi lilitoka kwa mkubwa aliyekuwapo au aliyetangulia: babu, mjomba, au mtu mwenye heshima. Wawili wenye jina moja wakawa wasomo, nao usomo ni uhusiano wenye haki na wajibu. Kwa upande wa watawala, kurithi cheo kulikuwa kurithi jina. Watawala wa Kiyao walioketi mahali pa Mataka waliitwa Mataka, mmoja baada ya mwingine, na heshima ya Che ikitangulia jina. Mtu alikufa, jina halikufa.

Misheni ziliuelewa uzito wa jambo hili. Vincent Lucas, askofu wa Masasi tangu mwaka 1926 hadi 1944, alijulikana nje ya mipaka ya dayosisi yake kwa sababu aliiingiza jando katika maisha ya Kanisa badala ya kuipiga marufuku. Wapo waliomsifu na wapo waliomlaumu. Kwa mintarafu ya isimu ya majina, uamuzi huo uliiacha njia ya kuvuka kutoka jina hadi jina bado wazi, ingawa mbele yake sasa palikuwa na jina la ubatizo.

Kwa hiyo jina la kwanza halikukusudiwa kuwa la milele. Lilikuwa la mzazi, likisema habari za mzazi. Jina la pili lilikuwa la mwenye jina, likisema nafasi yake miongoni mwa watu. Kati ya hayo mawili palikuwa na mlango, na jamii nzima ilikuwa shahidi wa kuvuka kwake.

7. Ulinganisho: majina ya Waparsi

Yafaa kutoka nje ya kusini kidogo ili jambo hili lionekane vizuri. Mjini Unguja waliishi Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta ambao mababu zao walihama Uajemi na kukaa Gujarat. Mtoto wao anayejulikana zaidi duniani alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 akaitwa Farrokh Bulsara. Ulimwengu ulimjua baadaye kama mwanamuziki Freddie Mercury.

Farrokh ni neno la Kiajemi lenye maana ya mwenye heri. Kwa maneno mengine, maana yake ni ile ile ya Saidi. Bulsara linatokana na mji wa Bulsar katika Gujarat, yaani ni jina la mahali ukoo ulikotoka. Majina mengine ya wavulana wa Kiparsi yana maana zilizo wazi vivyo hivyo: Firoz ni mshindi, Khurshed ni jua, na Rustam na Jamshed ni majina ya shujaa na mfalme wa masimulizi ya kale ya Uajemi. Majina haya hayakubaki ndani ya dini moja. Sultani wa mwisho wa Zanzibar, aliyepinduliwa Januari 1964, aliitwa Jamshid bin Abdullah. Mwislamu alibeba jina la mfalme wa kabla ya Uislamu, na hakuna aliyeliona kuwa ajabu.

Ulinganisho huu unaonyesha kufanana na kutofautiana. Kufanana ni kwamba Waparsi, sawa na Wamwera, wametumia jina kuhifadhi kumbukumbu ya walikotoka, na kwamba majina huvuka mipaka ya dini kwa urahisi kuliko watu. Kutofautiana kumo katika kinachohifadhiwa. Wazazi wa Kiparsi humchagulia mtoto sifa njema au shujaa wa kale: jina linatazama anachotakiwa kuwa. Mzazi wa Ruangwa aliyesema Sijaona alitazama kilichotokea. Jina la kwanza ni tumaini na la pili ni ushahidi. Ushahidi unahitaji mahali pa kutuliwa baadaye, na mahali hapo palikuwa jando. Farrokh naye alipofikia utu uzima alijichagulia jina jingine. Tofauti ni kwamba alifanya hivyo peke yake, ng'ambo, wakati mvulana wa Kimwera alifanyiwa na watu wake, nyumbani.

8. Jina katika daftari

Shule, zahanati, chama cha ushirika, daftari la wapiga kura na kitambulisho cha taifa vimeleta kanuni mpya: mtu awe na majina matatu, lake, la baba na la babu, na majina hayo yasibadilike. Kanuni hii ina faida zisizokanushika. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu katika elimu, katika mirathi na katika ajira. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano karibu na makazi yao, ulioanzishwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini mwaka 2013, ni wa kupongezwa. Lakini kwa upande wa majina, daftari limefanya mambo matatu ambayo hayakukusudiwa.

Kwanza, limehamisha ukoo. Jamii iliyohesabu kwa mama sasa huandikwa kwa baba. Mjomba, aliyekuwa na neno kubwa, hana nafasi katika fomu. Hakuna sheria iliyofuta ukoo wa mama katika Nachingwea. Safu tatu za karatasi zimetosha.

Pili, limegeuza tahajia kuwa utambulisho. Mtoto huyu mmoja huandikwa Hamisi na karani wa zahanati, Hamis na mwalimu, na Khamis na ofisi ya tatu. Kwa mwanaisimu hayo ni maumbo matatu ya jina moja, na kila moja lina sababu yake ya kifonolojia. Kwa mashine na kwa karani aliye mbali ni watu watatu. Kijana aliyefaulu mtihani huweza kuzunguka kutoka ofisi hadi ofisi akitafuta hati ya kiapo, kwa kosa la irabu moja ambayo bibi yake aliitamka sawasawa.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, daftari limelikamata jina la kwanza na kulifungia mlango. Jando ingalipo, na jina la jando lingali linatolewa katika vijiji vingi. Lakini cheti kiliandikwa kabla ya hapo. Hivyo jina la huzuni, lililokusudiwa kumlinda mtoto mchanga au kuutangaza uchungu wa mama kwa miaka michache, sasa linakwenda naye shuleni, kazini, benki, mpaka kwenye hundi ya kiinua mgongo. Jina la utu uzima limekuwa jina la utani, lisilotambuliwa mahali popote. Kilichokuwa tusi zamani, yaani kumwita mtu mzima kwa jina la utoto wake, sasa ndicho kinachofanywa na kila ofisi.

Wapo wanaopendekeza kwamba dawa ni kuwakataza wazazi kutoa majina hayo, au mwalimu ambadilishie mtoto siku ya kuandikishwa. Pendekezo hilo lina nia njema, lakini linakosea mahali. Mwalimu anayefuta Sijaona na kuandika jina alipendalo amefuta kauli ya mama ambaye pengine hana maandishi mengine duniani. Wala hakumpa mtoto haki ya kuchagua. Amembadilishia mchaguzi tu. Kosa halimo katika jina. Limo katika kuondolewa kwa mlango.

9. Hitimisho

Yapo mambo manne yanayoweza kufanywa bila gharama kubwa. La kwanza ni kwa makarani na walimu: waandike jina kama mzazi anavyolitamka, wamsomee, naye aridhie kabla ya muhuri kupigwa. La pili ni kwa wazazi: wajue kwamba jina la cheti sasa ni la maisha, na kwamba hakuna ubaya mtoto akipewa majina mawili tangu mwanzo, moja la tukio na moja la tumaini. La tatu ni kwa watunga taratibu: kubadili au kuongeza jina katika ujana kuwe jambo rahisi, la karibu na la heshima, ili kijana anayetaka jina lake la utu uzima litambuliwe asilazimike kusafiri na kutumia fedha asizokuwa nazo. La nne ni kwa idara za Kiswahili na isimu: wanafunzi wanaorudi likizo Ruangwa, Nachingwea, Masasi na Newala wakusanye majina pamoja na masimulizi yake, kutoka kwa wale waliyoyatoa. Orodha ya majina yenye maana za kamusi inaweza kutengenezwa siku yoyote. Kisa cha kwa nini mtoto fulani aliitwa Masumbuko anakijua bibi mmoja, na bibi huyo hatangoji.

Waswahili wamesema kuwa jina jema hung'ara gizani. Methali hiyo kwa kawaida hueleweka kuhusu sifa za mtu. Mifano ya Nachingwea na Ruangwa inaongeza fasiri nyingine. Hata jina lisilopendeza masikioni huweza kung'ara, iwapo yupo anayejua gizani kulikuwa na nini usiku ule lilipotolewa, na ni nani aliyekuwa akimlinda mtoto.